Microsoft, Oracle au Palantir: hisa ziko kwa nani, na kura ziko kwa nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo huko Columbus, Ohio, alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Ilikuwa na mistari miwili: taasisi, asilimia sabini na kitu; watu wa ndani, chini ya asilimia moja. Kampuni yenyewe ni Microsoft. Chini ya picha akaandika: "Mjomba, mbona wenyewe wameikimbia?"

Ameweka akiba kidogo na anataka kununua hisa za kampuni moja ya programu za kompyuta akae nazo. Alishachuja hadi zikabaki tatu: Microsoft, Oracle na Palantir. Bei zake anaziona kila siku. Kilichomkwamisha ni hiyo mistari miwili, maana kwa Oracle aliona watu wa ndani wakishika zaidi ya asilimia arobaini, na kwa Palantir akaona tarakimu ambazo hazikumwambia lolote. Tuliongea kwa simu hadi usiku. Hapa nimeliandika lile jibu kwa utulivu, kwa sababu wengi wanakwama palepale.

Tuanze na maneno yenyewe. Sheria ya Marekani inawahesabu kuwa watu wa ndani wakurugenzi wa bodi, maofisa wakuu wa kampuni, na yeyote anayemiliki zaidi ya asilimia 10 ya hisa. Taasisi ni wanaoshika hisa kwa niaba ya watu wengine: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mwenye vipande vya UTT hapa Tanzania anaujua mpangilio huo. Faida ni yako, lakini hisa zimeandikwa kwa jina la mfuko, na siku ya mkutano mkuu anayepiga kura ni meneja wa mfuko. Vanguard na BlackRock, kampuni za Marekani zinazosimamia mifuko ya namna hiyo, wanafanya hivyohivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Na mpwa wangu alikuwa mmiliki wa kampuni zote tatu bila kujua: makato yake ya pensheni yanaingia kwenye mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500, yaani orodha ya kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, na zote tatu zimo humo.

Maswali ya kupimia

Nimezipima zote kwa maswali manne. Mali iko kwa nani, na kura ziko kwa nani? Watu hudhani hilo ni swali moja, na ndipo wanapopotea. Pili, mkubwa akikosea, nani ana nguvu ya kumkemea, na je, imewahi kutokea? Tatu, watu wa ndani wakiuza hisa zao, tuelewe nini? Na mwisho, kampuni yenye umiliki wa aina hii inamfaa mwekezaji gani. Faida, bei na habari za akili mnemba nimeziacha makusudi. Hapa ni umiliki tu.

Microsoft: kampuni iliyo mikononi mwa taasisi

*Mali na kura.* Hisa moja ni kura moja, hakuna madaraja ya hisa yenye kura tofauti. Ilipoingia sokoni tarehe 13 Machi 1986 kwa dola 21 kwa hisa, mwanzilishi mwenza wake, Bill Gates, alibaki na asilimia 45 hivi. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza kidogo kidogo na kutoa nyingine kwa shughuli za hisani, hadi akabaki na asilimia 1 hivi. Mwaka 2014 Steve Ballmer, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni, alimpita akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko wote, akiwa na asilimia 4 hivi. Anayeongoza orodha nzima ni Vanguard, mwenye karibu asilimia 9, na nyuma yake BlackRock.

Jibu la mpwa wangu limejificha hapo. Ballmer alitoka kwenye bodi mwaka 2014, Gates akatoka mwaka 2020. Siku walipotoka, hisa zao ziliacha kuhesabiwa kwenye mstari wa "watu wa ndani", kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyefika asilimia 10. Hakuna aliyekimbia, wamebadilika cheo tu mbele ya sheria. Waliobaki kwenye mstari huo ni wakurugenzi na maofisa walioajiriwa, na mwajiriwa, hata akilipwa vizuri namna gani, hawezi kukusanya asilimia ya maana katika kampuni ya hisa zaidi ya bilioni 7.

*Kumkemea mkubwa.* Inawezekana, na imetokea. Mwaka 2013 mfuko wa ValueAct ulinunua hisa za Microsoft zenye thamani ya dola bilioni 2 hivi. Hazikufika hata asilimia 1 ya kampuni, lakini ulianza kusukuma mabadiliko. Agosti mwaka huohuo Ballmer akatangaza kwamba ataondoka kwenye ukurugenzi mtendaji. Siku chache baadaye ukatangazwa mkataba uliompa ofisa wa ValueAct nafasi ya kuingia kwenye bodi, na Februari 2014 Satya Nadella akashika usukani. Mfuko mdogo uliweza kusikika kwa sababu nyuma yake kulikuwa na taasisi kubwa zilizokuwa tayari kusikiliza. Tena mwaka 2021, kwenye mkutano mkuu, pendekezo la wanahisa la kutaka ripoti kuhusu namna kampuni inavyoshughulikia unyanyasaji wa kijinsia lilipita kwa asilimia 78 hivi, ingawa bodi ilishauri likataliwe. Miezi miwili haikupita bodi ikawa imetangaza uchunguzi wa nje.

*Wa ndani wanapouza.* Novemba 2021 Nadella aliuza takribani nusu ya hisa alizokuwa nazo, zaidi ya hisa 838,000 kwa dola milioni 285 hivi. Vichwa vya habari vilipiga kelele. Kampuni ikasema ni mipango yake binafsi ya fedha, na wachambuzi wengi wakakumbusha kwamba jimbo la Washington lilikuwa linaanza kutoza kodi ya asilimia 7 kwenye faida ya mauzo ya hisa kuanzia Januari 2022. Mkurugenzi wa kuajiriwa hulipwa sehemu kubwa kwa hisa; kuuza kwake kunafanana na mfanyakazi kutoa mshahara benki. Kwa kampuni ya aina hii mimi huangalia zaidi kama anabakiza hisa za kutosha kumuumiza bei ikishuka.

*Inamfaa nani.* Mtu asiyetaka hatima ya akiba yake imtegemee mtu mmoja, na aliye radhi kuwa na mwenye nyumba asiye na sura. Mkosi wake ni kwamba mfuko wa fahirisi hauwezi kuikimbia kampuni. Lazima uishike maadamu imo kwenye fahirisi. Meneja anayeshika maelfu ya kampuni hana muda wa kuijua kila moja kwa undani, na mara nyingi kura yake hufuata pendekezo la bodi.

Oracle: mwanzilishi aliyebaki, na akazidi kukua

*Mali na kura.* Oracle iliingia sokoni tarehe 12 Machi 1986, siku moja kabla ya Microsoft, kwa dola 15 kwa hisa. Nazipenda tarehe hizo mbili, kwa sababu kampuni hizi ni kama watoto waliozaliwa wiki moja mtaa mmoja na kulelewa kinyume kabisa. Hapa pia hisa moja ni kura moja. Lakini Larry Ellison, aliyeianzisha na wenzake mwaka 1977, anashika kama asilimia 40.

Alizipataje? Wengi hudhani alinunua. Miaka ya 2010 na 2011 alikuwa na asilimia 22 au 23 hivi, na idadi ya hisa zake haijabadilika sana tangu hapo: bilioni 1 na ushei. Kilichobadilika ni kampuni yenyewe. Oracle ilikuwa na hisa bilioni 5 hivi mikononi mwa watu. Ikaanza kuzinunua tena na kuzifuta, mwaka wa fedha wa 2019 pekee kwa dola bilioni 36, hadi zikabaki kama bilioni 2.7 mwaka 2022. Fikiria keki ya vipande kumi, viwili ni vyako. Wenzako watano wakilipwa fedha za familia ili waachie vipande vyao, na vipande hivyo vikaondolewa mezani, wewe hujala wala hujanunua, ila sasa una viwili katika vitano. Ellison alipanda kutoka karibu robo hadi zaidi ya theluthi namna hiyohiyo, kwa fedha za kampuni nzima. Ni halali, na wanahisa wengine waliobaki nao walipanda kwa uwiano uleule. Lakini asilimia mbili zinazofanana zinaweza kuwa na historia tofauti: mwanzilishi aliyetoa fedha mfukoni kuongeza hisa anakuambia jambo zito kuliko aliyekaa tu wakati kampuni ikimpunguzia majirani.

*Kumkemea mkubwa.* Ni vigumu, ingawa si muhali. Kuanzia mwaka 2012, kwa miaka kadhaa mfululizo, wengi wa wapiga kura walikataa mpango wa malipo ya wakubwa wa Oracle. Ukitoa hisa za Ellison, waliokataa walikuwa wengi mno. Kura hiyo kwa sheria ya Marekani ni ya ushauri tu, na bodi ilichukua miaka kabla ya kubadilika kwa kiasi.

Kisha ikaja NetSuite, kampuni nyingine ya programu. Mwaka 2016 Oracle ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 9.3. Ellison na watu wake walishika karibu asilimia 40 ya NetSuite, kwa hiyo alikuwa pande zote mbili za meza. Oracle ikaweka sharti kwamba wengi wa wanahisa wa NetSuite wasio na uhusiano na Ellison wakubali kwanza. T. Rowe Price, taasisi iliyoshika zaidi ya asilimia 17 ya NetSuite, iligoma ikitaka bei ya juu. Mpango ukapita kwa kama asilimia 53 ya hisa hizo za wasiohusika. Baadhi ya wanahisa wa Oracle nao wakaenda mahakamani katika jimbo la Delaware wakidai kampuni yao imelipa kupita kiasi. Mahakama ikampa Ellison ushindi mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Delaware ikathibitisha Januari 2025. Majaji walizingatia kwamba alijiweka kando na kamati huru ikafanya mazungumzo. Kwa hiyo hata pale penye mkubwa wa asilimia 40, kuna kanuni zinazombana. Ila angalia gharama yake: miaka ya kesi, tena mwisho wake walalamikaji wakashindwa.

*Wa ndani wanapouza.* Kwa Oracle swali zito zaidi ni hisa zilizowekwa rehani. Ellison amekuwa na mamia ya mamilioni ya hisa alizoziweka dhamana kwa mikopo yake binafsi, na hilo limeandikwa wazi kwenye waraka wa mkutano mkuu. Bei ikiporomoka sana, mkopeshaji anaweza kudai dhamana zaidi au hisa zikauzwa, na mauzo ya namna hiyo hayamsubiri mtu. Tarehe 10 Septemba 2025 hisa za Oracle zilipanda kama asilimia 36 kwa siku moja. Hisa inayoweza kupanda hivyo inaweza pia kushuka vibaya. Katika kampuni ya mwanzilishi, usiishie kwenye asilimia. Soma tanbihi iliyo chini yake.

*Inamfaa nani.* Anayeamini kwamba mwenye mali akiwa na uchungu na mali, kampuni huenda mbele, na aliye tayari kukubali kwamba siku asipokubaliana naye, dawa aliyobakiwa nayo ni kuuza.

Palantir: kura zilizotengwa na mali

*Mali na kura.* Hapa mistari miwili ya kwenye simu haisaidii kabisa. Palantir, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliorodheshwa sokoni tarehe 30 Septemba 2020 ikiwa na madaraja matatu ya hisa. Daraja A, unalonunua wewe, lina kura moja. Daraja B lina kura kumi. Daraja F ni la waanzilishi watatu, Alex Karp, Peter Thiel na Stephen Cohen, na kura zake hazina idadi ya kudumu: hupanda na kushuka ili hao watatu wapate hadi asilimia 49.999999 ya kura zote. Sharti kubwa ni kwamba kwa pamoja wabaki na angalau hisa milioni 100 kulingana na hesabu ya katiba ya kampuni, na kampuni ina hisa zaidi ya bilioni 2. Piga hesabu: sehemu ndogo kuliko asilimia 5 ya mali inaweza kushika karibu nusu ya sauti. Vanguard na BlackRock wamo kwa wingi kwenye daraja A, lakini wamo kama abiria.

*Kumkemea mkubwa.* Kwa kura, karibu haiwezekani, maana ni lazima karibu kila mwanahisa mwingine aungane na mwenzake. Kinachobaki ni mahakama, magazeti na bei ya hisa. Watoa fahirisi walijaribu kusaidia: mwaka 2017 S&P ilizifungia mlango kampuni mpya zenye madaraja ya hisa, ikaufungua tena Aprili 2023, na Septemba 2024 Palantir ikaingia S&P 500. Tangu siku hiyo kila mfuko unaofuata fahirisi hiyo umelazimika kuinunua, hata ule ambao meneja wake huutetea hadharani usawa wa hisa moja kura moja. Hilo binafsi linanikera, kwa sababu fedha hizo ni pensheni za watu kama mpwa wangu ambao hawakuulizwa.

Kwa upande mwingine, wanaoutetea mfumo huu wana hoja. Palantir ilikaa miaka mingi ikitumia fedha nyingi kuliko ilizoingiza, ikitegemea mikataba ya serikali isiyokomaa haraka. Bodi inayotishwa na wanahisa wanaotazama matokeo ya robo mwaka tu huenda ingekata kazi njiani.

*Wa ndani wanapouza.* Hapa mauzo yana maana ya pekee. Mwaka 2024 Karp aliuza hisa za karibu dola bilioni 2, kwa mipango iliyopangwa mapema. Kule Oracle, Ellison akiuza hisa anauza na kura. Kwa Palantir mwanzilishi anaweza kupunguza fedha zake zilizo hatarini na sauti ikabaki palepale, maadamu wale watatu hawajashuka chini ya kile kiwango. Ndiyo maana mauzo ya wa ndani wa Palantir nayapa uzito kuliko ya wale wa Microsoft.

*Inamfaa nani.* Anayenunua watu kabla ya kununua kampuni: amewasoma Karp na wenzake, anawaamini, na hatalalamika kwamba hakupewa sauti, kwa kuwa iliandikwa tangu siku ya kwanza.

Kuisoma Fomu 4 bila hofu

Fomu 4 ni taarifa ambayo mtu wa ndani huiwasilisha serikalini hisa zake zinapoongezeka au kupungua. Niliwahi kuuza hisa za kampuni moja ndogo ya programu baada ya kuona mkurugenzi wake "ametoa" maelfu ya hisa. Nilisoma safu moja tu. Bei ilipanda mwaka mzima uliofuata, na nilipoirudia fomu ileile kwa makini nikaona herufi F pembeni: hisa zilikuwa zimezuiwa na kampuni ili kulipa kodi ya mshahara wake. Hakuuza chochote.

Basi ukiifungua Fomu 4 kwenye EDGAR, hifadhi ya bure ya nyaraka za SEC (mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani), anza na herufi ya muamala. P ni kununua sokoni kwa fedha yake, na ndiyo adimu na nzito kuliko zote. S ni kuuza. A ni kupewa na kampuni. M ni kugeuza haki ya kununua iwe hisa. F ni kodi. G ni zawadi. Kisha angalia safu ya hisa zilizobaki baada ya muamala, halafu kisanduku kinachoonyesha kama mauzo yalifuata mpango uliopangwa mapema. Tangu 2023 mkurugenzi akiweka mpango huo lazima asubiri angalau siku 90 kabla ya kuuza. Fomu yenyewe huwasilishwa ndani ya siku mbili za kazi.

Taarifa za taasisi huchelewa zaidi. Wanaosimamia zaidi ya dola milioni 100 huwasilisha Fomu 13F ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kuisha, kwa hiyo unachosoma Februari kinaweza kuwa picha ya Desemba. Na ukiona mtandao unasema taasisi zinamiliki asilimia 104, usishtuke. Hisa iliyoazimwa kwa anayetarajia bei ishuke inaweza kuhesabiwa mara mbili.

Sasa wewe uko wapi?

Kama akiba yako kubwa tayari iko kwenye mfuko wa fahirisi, unazo zote tatu. Kuongeza moja kwa mkono ni kuongeza hatari ya aina moja, basi chagua ile ambayo aina yake ya hatari unaielewa. Uliza pia kama mfuko wako unakuruhusu kuchagua sera ya kura. BlackRock na Vanguard wameanza kutoa nafasi hiyo kwa baadhi ya wateja.

Kama unaishi Tanzania au Kenya na unanunua kwa programu ya simu, kumbuka Marekani inakata asilimia 30 ya gawio kwa mgeni asiye na mkataba wa kodi, na nchi zetu hizi mbili hazina. Microsoft na Oracle hulipa gawio, Palantir hailipi. Soma pia masharti ya dalali wako, kwa sababu wapo wasiokufikishia kura kabisa, na hapo tofauti ya madaraja inakupungukia maana.

Kama unastaafu karibuni na huwezi kuvumilia mshtuko wa mtu mmoja, umiliki uliotawanyika unakupa usingizi zaidi, ingawa bei yake nayo hushuka. Kama una miaka 20 mbele na umemfuatilia mwanzilishi kwa muda, asilimia 40 ya Ellison au daraja F la Karp linaweza kuwa sababu ya kununua. Ila jiulize kabla: akifa au akiondoka, nani anarithi hizo hisa, na kura zinakwenda wapi? Ellison alizaliwa 1944. Kwa Palantir jibu limo kwenye katiba ya kampuni, na lisome lenyewe.

Kama bado umekwama, subiri waraka wa mkutano mkuu, ule unaoitwa DEF 14A. Oracle hukutana kwa kawaida Novemba, Microsoft Desemba, Palantir Juni, na waraka hutoka wiki kadhaa kabla. Tafuta jedwali la wamiliki, kisha uteremke kwenye tanbihi zake. Mpwa wangu ameanza na wa Oracle. Jana alinitumia picha ya tanbihi ya hisa zilizowekwa rehani, ameizungushia mstari mwekundu.